Biti la singeli kwenye Misa, tatizo hasa liko wapi?

Maparokia mengi siku hizi ubishi ndo huu: mpiga kinanda anaweka biti la singeli au amapiano kwenye wimbo wa matoleo, vijana wanainuka wanacheza, wazee wamenuna, na kila upande unaamini unalitetea Kanisa.

Wanaokataa wana hoja jamani, tusiwaite washamba. Papa Pius X mwaka 1903 alikataza ngoma na hata piano kanisani, alafu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, kwenye hati ya liturujia ya 1963 ukafungua mlango kwa muziki wa jadi wa nchi za misioni, ila hati hiyohiyo inasema wimbo wa Gregoriani, ule wa zamani wa Kilatini, ndo una nafasi ya kwanza kwenye liturujia ya Kirumi. Watu wengi wanasoma nusu moja tu, ile inayowafaa.

Na mlango ule ulitumika vizuri sana. Kongo walianza ata kabla ya Mtaguso, 1958, pale Kamina, padri Mbelgiji Guido Haazen na wanakwaya wake wakatoa Missa Luba, maneno Kilatini, sauti na ngoma za wenyeji. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misa ya Zaire ambayo padri na watumishi wanacheza kuizunguka altare wakati wa wimbo wa Utukufu, na hakuna anayewaambia wanakufuru. Kwetu Tanzania Padri Stephen Mbunga alishachapisha kitabu 1963 kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu.

Sasa kuna wanaosema ngoma ya asili sawa, biti la mjini hapana, hapo mi nashindwa kuwaelewa. Ngoma za asili si zilipigwa kwenye pombe, kwenye unyago, kwenye matambiko? Kijana aliyezaliwa Mbagala, kijijini kwa babu yake anapasikia tu, utamaduni wake ni upi kama si huo wa mtaani kwake? Ukimwambia sindimba ni urithi alafu singeli ni uhuni, umemwambia yeye hana kwao kanisani. Ata Ulaya karne ya 15 na 16 watunzi wengi walijenga muziki wa Misa juu ya melodi ya L'homme armé, wimbo wa kidunia kabisa.

Ila pamoja na hayo yote singeli kama inavyopigwa ukumbini siitaki kwenye Misa, na sababu yangu siyo asili yake. Ile inakimbia, mara nyingi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, nani ataiimba? Kwaya inahema, spika zinanguruma, waumini wamekuwa watazamaji, wakati Mtaguso ulichosisitiza kuliko vyote ni waumini kushiriki. Ngoma ya mkono mpigaji anawasikiliza watu, wakichelewa anawasubiri, biti la kinanda haliwasubiri.

Alafu kuna tabia ya kuchukua melodi ya hiti nzima na kubadilisha maneno, hii ni mbaya zaidi, watu wanapokea komunyo huku kichwani yanapita maneno ya redioni. Kijana mwenye kipaji atunge wimbo mpya wa Mtakatifu kwa mahadhi ya mtaa wake, apunguze mwendo, ajaribu na waumini bila kinanda, na kama kanisa zima limeweza kuiimba basi kamati ya liturujia imuache aipige Jumapili.