Uzito wa sabuni ya maji ni chumvi tu

Mnunuzi wa sabuni ya maji pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, hainusi kwanza wala haulizi imewekwa nini. Anainamisha chupa. Ikishuka polepole anatoa pesa, ikikimbilia mdomoni anairudisha mezani. Watengenezaji wa majumbani wanalijua hilo, ndiyo maana akili yote inakwenda kwenye kuifanya sabuni iwe nzito, na suala la kuosha linaachwa lijitegemee. Uzito ule, mara nyingi, ni chumvi. Na chumvi haijawahi kung'oa mafuta kwenye sufuria.

Kinachoosha ni salfoniki, ile asidi nzito ya kutengenezea sabuni, na slesi (SLES), ute mzito unaotoa povu. Kwa lita 20 za sabuni ya vyombo na nguo, kilo moja ya salfoniki na nusu kilo ya slesi zinatosha. Ukipunguza hapo ukafidia kwa chumvi, chupa itapendeza machoni na povu litakata kwenye sahani ya tano.

Salfoniki ni asidi inayounguza ngozi, na soda ashi, unga mweupe unaopingana na asidi, ndiyo inayoimaliza ukali. Hapa vipimo vya kiganja na kijiko ndivyo vinavyoharibu kazi. Kihesabu, kilo moja ya salfoniki yenye nguvu ya asilimia 96 inamalizwa na takriban gramu 160 za soda ashi. Vipimo vingi vinavyozunguka kwenye simu vinasema robo kilo, na ile ziada ndiyo inayowakausha watu mikono mpaka inapasuka, hasa miezi ya baridi. Lakini gramu 160 pia si amri, kwa sababu soda ashi iliyokaa dukani kwenye kiroba kilicho wazi hunyonya unyevu, ikawa nzito kwenye mizani na dhaifu ndani ya ndoo. Kwa hiyo pima gramu 200, tumia 150 kwanza, zilizobaki uziongeze kwa kujaribu.

Kazi yenyewe iko hivi. Vaa glavu. Weka lita 10 za maji kwenye pipa la plastiki linalobeba lita 40, kisha mimina salfoniki taratibu ukikoroga kwa mwiko wa mti. Usitumie sufuria ya alumini wala chombo cha bati. Soda ashi iyeyushe pembeni kwenye lita 2 za maji ya uvuguvugu. Ukiimwaga kwenye maji ya bomba ya Julai ya Njombe inashikana mabonge na utakesha ukiyaponda. Mimina maji hayo ya soda kidogo kidogo. Asidi ikikutana na soda hutoa hewa, povu linapanda, na anayefanyia kwenye ndoo ya lita 20 atapiga deki sakafu nzima kwa sabuni ambayo haijaiva.

Kujua kama imekaa sawa hakuhitaji maabara. Chota sabuni kidogo, nyunyiza soda ashi kiduchu juu yake: ikichemka vipovu, asidi bado ipo. Kwa upande wa pili, paka karatasi nyeupe binzari manjano iliyolowekwa kwenye spiriti, iache ikauke, kisha dondoshea sabuni. Ikibaki njano uko salama. Ikigeuka nyekundu ya kahawia soda imezidi, na dawa yake ni kijiko cha salfoniki kilichoyeyushwa kwenye maji, si maji matupu.

Slesi inakuja baada ya hapo. Wengi huanza kwa kuikoroga pamoja na salfoniki kabla ya maji, kwa sababu zinachanganyika haraka. Siipendi njia hiyo: slesi ikikaa na asidi kali huanza kuvunjika, na umeinunua kwa bei. Iweke kwa mapande madogo kwenye lita 5 za maji ya uvuguvugu, koroga, funika, ilale usiku kucha. Asubuhi changanya na ile ya kwanza.

Sasa chumvi. Yeyusha nusu kilo kwenye lita 2 za maji, weka kikombe kimoja, koroga, subiri povu litulie, angalia, ndipo uongeze. Sabuni inazidi kuwa nzito hadi kiwango fulani, na ukikivuka inaanza kuwa nyepesi tena. Hapo ndipo watu wanapojiponza: wanaona imelegea, wanaongeza chumvi, inalegea zaidi, mwishowe inajigawa, maji chini na utando juu. Ikifika huko ongeza maji na slesi kidogo. Si lazima nusu kilo yote iishe.

Na vipimo vinavyoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam havifai kunakiliwa huku nyanda za juu za Mbeya na Njombe bila kufikiri. Baridi huifanya sabuni iwe nzito yenyewe, na wakati huohuo hupunguza uwezo wake wa kubeba chumvi. Sabuni iliyokuwa angavu jioni inaamka imekuwa maziwa, mteja anasema imeoza. Haijaoza, saa sita jua likipiga inarudi. Kabla ya kujaza chupa, iache glasi moja nje usiku wa Juni. Ikipata ukungu, punguza chumvi kwenye pishi lijalo. Kinyume chake nacho kipo: ile unayoipima asubuhi Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, ikishuka Kyela kwenye joto la ziwani inakuwa nyepesi. Anayepeleka mzigo huko aipime ikiwa imepashwa moto kidogo.

Rangi na pafyumu weka upendavyo, havioshi kitu. Fomalini ningeitoa kabisa. Ni dawa ya kuzuia kuoza ambayo kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kimeiweka kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na sabuni ya nyumbani haihitaji hatari hiyo. Chemsha maji, yapoe, tengeneza ya kutosha mwezi mmoja.

Kingine ni watu wanaotia jiki ndani ili "iue wadudu". Jiki ikikutana na asidi iliyobaki, au na limao, au na siki, inatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Jiki itumike peke yake, kwa maji matupu, baada ya sabuni kusuuzwa.

Ukitaka kulinganisha sabuni mbili, acha kuinamisha chupa. Chukua mabeseni mawili yenye maji sawa ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha kila sabuni, na sahani zilizopakwa mafuta ya ng'ombe kwa kipimo kimoja. Hesabu sahani mpaka utelezi ubaki kidoleni. Usitumie maji baridi, maana mafuta hayo yanaganda na hakuna sabuni itakayoonekana nzuri.