Pumu ya mdogo wangu haikutoka baharini

Kwenye daftari la hospitali la mdogo wangu, mahali pa kazi, pameandikwa "biashara". Miaka miwili anaandikiwa dawa kwa daftari hilohilo. Biashara yenyewe ni kukanda unga usiku kucha kwenye bekari moja hapa Ngamiani, Tanga. Neno hilo limenikera hadi nimeshindwa kulala.

Alipoanza kubanwa kifua kila mtu alikuwa na sababu yake. Upepo wa bahari. Paka wa jirani. Mama akasema ni ya ukoo, na kwetu hatumjui hata mmoja mwenye pumu. Idi iliyopita akaenda Lushoto kwa shangazi siku kumi, akalala fofofo bila kugusa dawa ya kuvuta. Sote tukasifu hewa ya milimani. Karudi kazini, usiku wa tatu kifua kinapiga filimbi.

Hakuna aliyemuuliza: siku usizokwenda kazini unapumuaje? Swali hilo halitaki mashine wala maabara! Unga wa ngano unajulikana duniani kote kuwa unaleta pumu kazini, na haumwanzi mtu siku ya kwanza. Mwili hukaa nao miezi, hata miaka, ndipo uukatae. Yeye alitangulia chafya na macho kuwasha, tukasema mafua. Tena kifua huweza kubana saa kadhaa baada ya zamu, mtu yuko kitandani kwake, akalaumu godoro.

Kipo kibomba cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi. Apulize angalau mara nne kwa siku, aandike namba, wiki nne hivi, siku za kazi na za mapumziko. Zikishuka kazini na kupanda akipumzika, jibu linaanza kuonekana. Ndiyo maana tusikimbilie kumwambia "acha kazi" kabla hajapimwa. Akishaondoka, ni vigumu zaidi kuthibitisha.

Haya, daktari ana foleni hadi barazani, najua. Na dawa asiache. Lakini anayeendelea kupumua vumbi la unga wa ngano anaweza kubaki na pumu hata akihama baadaye. Wanaotolewa mapema ndio hupona vizuri zaidi. Wenye bekari, acheni kukung'uta viroba na kufagia unga mkavu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inayatambua maradhi ya kazini.

Jumatatu nilimsindikiza. Nikamwomba nesi akate "biashara", aandike: anakanda unga wa ngano, zamu ya usiku, mwaka wa sita.