Hallstatt kwa saa mbili na nusu

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kufunga mlango kila alipomsikia mtembeza wageni anaingia kichochoroni kwetu. Mlango wetu pale Mji Mkongwe ulikuwa wa nakshi, wenye misumari ya shaba, na watembeza wageni walikuwa na hadithi yao moja isiyochuja: misumari ile iliwekwa kuzuia tembo. Bibi humjibu kutoka ndani, kwa sauti ya juu, "Tembo wa wapi Unguja?" Wageni hawafahamu, wanapiga picha, wanapita. Na kumbe kuufunga mlango ndiko kulikowapa picha nzuri zaidi.

Kiangazi kilichopita nilikuwa mimi niliyesimama mbele ya mlango wa watu.

Tulitoka Munich alfajiri, mimi na wifi yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Dar, kwenye basi la watalii lililojaa mpaka kiti cha mwisho. Tiketi yetu ilikuwa ya siku moja, vituo vitatu, na Hallstatt ndicho kituo kilichowauzia watu wote safari ile. Ni kijiji cha Austria chenye wakazi kama 750 tu, kimebanwa kati ya ziwa na mlima kiasi kwamba nyumba zinapandiana migongoni. Siku za msimu wageni hufika hadi 10,000 kwa siku. Piga hesabu: ni sawa na kila mwenyeji kuamka asubuhi na kukuta wageni kumi na watatu sebuleni.

Tangu 2020 mabasi hayaingii ovyo. Kila basi linakata nafasi mapema, na sharti ni kwamba likishafika likae si chini ya saa mbili na nusu. Wakuu wa mji walichoka na basi linalomwaga watu hamsini, wakapiga picha, wakatumia choo, wakaondoka bila kununua hata kikombe cha chai. Mimi naliunga mkono sharti hilo kwa mikono miwili. Tatizo langu ni kwamba halijatosha.

Basi huegesha upande wa kusini, sehemu iitwayo Lahn. Hatua chache kutoka hapo kuna kigari cha reli kinachopanda mlimani kwenda kwenye mgodi wa chumvi. Mgodi huo ndio sababu ya mji kuwepo. Watu wanachimba chumvi kwenye mlima ule kwa takribani miaka 7,000. Ndani yake imepatikana ngazi ya mbao yenye zaidi ya miaka 3,300, ikiwa bado ngazi, kwa sababu chumvi haikuiacha ioze. Mwaka 1734 wachimbaji walikuta humo maiti ya mtu wa kale, iliyokaushwa kama ng'onda. Na kuanzia 1846, Johann Georg Ramsauer, msimamizi wa mgodi, alifukua makaburi karibu elfu moja pale juu, yenye panga, shanga na vyombo vya shaba nyeusi, mpaka wanahistoria wakaipa jina la kijiji hiki zama nzima ya mwanzo wa chuma barani Ulaya. Chumvi ndiyo iliyowanunulia marehemu wale mali yote waliyozikwa nayo.

Sasa angalia tulivyofanya. Tuliposhuka, kiongozi wetu alikipa kigari mgongo. Kupanda, kuzungushwa mgodini na kushuka kunataka karibu saa tatu, na sisi tulipewa mbili na nusu. Akainua kijiti chake chenye utepe, tukamfuata kama vifaranga kwenda upande wa pili kabisa wa mji, kaskazini, penye kona ambayo kila mtu ameshaiona kwenye simu: kanisa lenye mnara uliochongoka, nyumba za mbao, maji, mlima. Foleni ilikuwa ndefu. Watu walikuwa wakipeana zamu kama wanaochota maji bombani.

"Wifi, simama hapo hapo, usitikisike," nikaambiwa, nikapiga, nikapigwa. Tuliishia na nusu saa nzima kwenye kona ile. Nyuma yetu palikuwa na dirisha lenye pazia, na pazia likasogea kidogo, likarudi. Nikamwona bibi yangu.

Mwaka 2023 mji ulisimamisha uzio wa mbao kwenye sehemu hiyo ya picha ili kuziba mandhari, watu wa karibu wapate utulivu. Mitandao ikachafuka, uzio ukang'olewa. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, wenyeji waliandamana kwenye handaki la barabara wakitaka idadi ya wageni iwekewe kikomo. Wapo waliowacheka: mnakula kwa utalii halafu mnawafukuza watalii? Hoja hiyo naijua, nimelelewa nayo. Anayeisema huwa hakai kichochoroni.

Kinachonichekesha ni kwamba kama haja ni picha, picha ipo kwingine. Wachina walijenga nakala ya kijiji hiki huko Guangdong, wakaifungua 2012, kanisa na uwanja na kila kitu. Hiyo ndiyo inayofaa kwa nusu saa.

Tulipobakiwa na dakika arubaini nilimvuta wifi tukapanda ngazi hadi kanisa la Wakatoliki. Pembeni kuna makaburi madogo mno, kwa sababu mlima na ziwa havikuacha ardhi. Zamani mtu alizikwa hapo kwa miaka kadhaa, kisha mifupa ikafukuliwa kumpisha mwingine. Fuvu lilisafishwa, likaachwa nje likaanikwa mpaka liwe jeupe, halafu likachorwa maua na kuandikwa jina. Yamo mafuvu kama 1,200 kwenye chumba kimoja kidogo, zaidi ya 600 yamechorwa, yamepangwa jamaa kwa jamaa. La mwisho liliingizwa 1995, la mama aliyefariki 1983 na kuomba mwenyewe akae humo.

Wifi alitamka "Inna lillahi" na kubaki mlangoni. Mimi niliingia. Kwetu kumfukua marehemu ni jambo zito, na nilitarajia kuchukia. Badala yake nilijikuta nasoma majina. Yale yale yanarudi, fuvu hadi fuvu. Ndani tulikuwa watu wanne tu, wakati kule konani foleni imefika barabarani. Dakika kumi zile ndizo pekee nilizokuwa Hallstatt.

Kwa hiyo rai yangu kwa wanaopanga safari hizi, na najua wanasoma maoni ya wateja: futeni vituo viwili. Mpeni mtu siku nzima Hallstatt, apande mgodini, ale chakula, apotee njia. Kama biashara hairuhusu, kiondoeni kabisa kwenye ratiba. Na wakuu wa mji wangeliongeza sharti lao hadi saa tano. Wasafirishaji wangelalamika wiki moja, kisha wangebadilisha ratiba.

Kwenye basi wifi alihesabu picha: mia moja arubaini na kitu, na karibu zote zina mnara ule ule. Akaniuliza, "Hivi huo mji wa chumvi wanaousema ulikuwa wapi?" Nikamwonyesha dirishani, kigari kilikuwa kinapanda.

Nitarudi Oktoba, kwa treni. Kituo kiko ng'ambo ya ziwa na kivuko husubiri abiria kikawavushe, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kubembelezwa. Wifi anataka kuja tena. Nimemwambia sharti ni moja, simu inakaa mkobani mpaka tutoke mgodini. Bado anafikiria.