Jeni moja kubwa au kadhaa ndogo? Ngano na kutu ya shina

Mwaka 1998 nchini Uganda, kutu ya shina, ugonjwa unaoletwa na kuvu, ilishambulia ngano yenye Sr31, jeni ya ukinzani iliyokuwa imetegemewa sehemu nyingi za dunia. Aina hiyo ya kuvu ikaitwa Ug99. Mwaka 2006, Kenya, aina nyingine ya ukoo wake ilikuwa imeishinda Sr24 pia, jeni nyingine ya ukinzani. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Sr36.

Hata hivyo, wanaotetea jeni kubwa kama hizi, yaani zenye nguvu kila moja peke yake, hawakosi hoja. Zinaukinga mmea tangu ukiwa mche, na kuzipima ni rahisi: puliza spora (chembe za uzazi za kuvu) kwenye miche, subiri kama wiki mbili, soma alama ya 0 hadi 4. Ukiona 3 au 4, jeni imeshindwa. Tatizo ni kwamba kila jeni hutambua protini moja tu ya kuvu. Protini hiyo ikibadilika au ikapotea, mmea hauoni adui, na upepo husambaza spora mbali sana.

Jeni ndogo, zenye nguvu kidogo kila moja, mfano Sr2 na Lr34, haziui kutu bali huichelewesha: vipele huwa vichache na vidogo. Sr2 imo kwenye ngano tangu miaka ya 1920 na bado inafaa. Lakini ikiwa peke yake, msimu wenye kutu kali huilemea. Ili kukaribia kinga kamili zinahitajika nne au tano pamoja. Tena huonekana kwenye mmea mkubwa tu, hivyo lazima zipimwe shambani, kama inavyofanyika Njoro, Kenya.

Wengi husema basi tuchanganye zote. Sawa, ila jeni kubwa ikifanya kazi huzificha ndogo: mimea yote ni safi, huoni ipi inazo, nawe unazipoteza bila kujua. Naona mpango salama ni kuchagua ndogo kwanza, chini ya kuvu iliyokwisha kuishinda jeni kubwa iliyomo, kisha kuongeza kubwa mbili au zaidi kwa kufuata alama za DNA (vipande vya DNA vinavyoonyesha kama jeni imo). Na jeni hizo zisitolewe moja moja kwenye mbegu nyingine, maana kuvu itazivunja kwa zamu.

Kupima kwa Ug99 pekee nako hakutoshi. Digalu, ngano ya Ethiopia, iliihimili Ug99, lakini mwaka 2013 ikaangushwa na TKTTF, kuvu ya ukoo mwingine kabisa.