Babu aliokotwa: tuwaambie watoto au tunyamaze?

Mwaka 2019, usiku wa kuanua matanga ya babu yangu, kijijini upande wa Lupembe, Njombe, shangazi alikaa karibu na jiko la mkaa kajifunika blanketi mpaka kichwani maana Juni kule baridi ni kali sana, akawa anamenya kiazi polepole, halafu akasema bila kuinua macho, "Mzee wetu wa kwanza hakuzaliwa hapa. Aliokotwa." Alikuwa anamuongelea baba yake babu. Kwamba vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vinaisha 1907 njaa imeshika, mtoto wa miaka sita saba akatokea Ungoni, yaani nchi ya Wangoni upande wa Songea, akiwa nyuma ya watu wanaotafuta chakula, nyumba moja ya Kibena ikamchukua, ikampa jina la ukoo na baadae shamba. Mi hapo nina miaka 34, nimekua naitikia kamwene, salamu ya Kibena, najitambulisha Mbena popote, na ndo nikaelewa kwa nini kaburi la yule mzee liko peke yake chini ya mti ng'ambo ya mfereji wakati mengine yote ya ukoo yamepangwa mstari mmoja. Sisi tuliambiwaga alipenda kivuli.

Tangu siku hiyo familia imekuwa na pande mbili. Shangazi anasema watoto waambiwe wote, bamdogo hataki kabisa hiyo habari itoke nje ya wakubwa, na mi nataka nizipime hizi pande vizuri kwa sababu najua nyumba nyingi huku Nyanda za Juu zina habari za aina hii.

Nianze na bamdogo maana wengi wanamuona ana roho mbaya na si kweli. Yeye anaangalia ardhi. Shamba la kule mlimani ambalo zamani lilikuwa la kuchungia mbuzi leo lina parachichi za kuuza nje, ardhi ya Njombe imepanda bei kiasi kwamba ndugu wa tumbo moja wanapelekana baraza la kata, sasa utoke utangaze kwamba mzee wenu aliokotwa unategemea nini? Na haikuchukua muda. Kwenye ugomvi wa mpaka, ugomvi mdogo tu wa hatua tatu, jirani alimwambia mbele ya watu, "Ninyi wa kuokotwa mtajuaje mipaka ya hapa?" Bamdogo ana miaka zaidi ya sitini, kazaliwa pale, kazika wazazi wake pale, na usiku ule hakulala, alikaa nje na tochi anaangalia miti yake.

Kisheria hofu hiyo ina majibu. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, sisi tuko pale zaidi ya miaka 100, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu mtu apate hati ya hakimiliki ya kimila akiwa kijijini kwake. Lakini kesi hata ukishinda inakula ada za watoto, na lile neno la jirani hakuna baraza la kulifuta.

Halafu kuna hoja yake ya pili ambayo mi naiona nzito kuliko hata ya shamba. Anasema aliyetulea ndo wetu, na kwamba haya makabila yenyewe tunayoyashikia shingo si ya tangu na tangu. Hapo yuko sahihi. Wahehe walikuwa himaya ndogo ndogo mpaka Munyigumba, baba yake Mkwawa yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alipoziunganisha karne ya 19, na vita vya Wahehe na Wangoni kuanzia 1878 vilihamisha watu huku na huku, mateka wakawa wake, watoto wa mateka wakawa wana ukoo. Ukianza kuchambua nani wa hapa hapa toka mwanzo, Iringa na Njombe nzima utabaki na watu wangapi? Watu wanapenda kusema mwacha asili ni mtumwa. Ila mtoto wa miaka sita mwenye njaa hajaacha asili, asili ndo imechomwa moto pamoja na maghala ya mahindi.

Na hapa ndo naanza kuhamia upande wa shangazi, maana maghala hayakujichoma. Wajerumani walichoma vijiji na mazao makusudi ili njaa imalize vita, na makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 mpaka 300,000. Yule mtoto ni mmoja wa waliobaki. Tukinyamaza tunasema aliokotwa kama vile alidondoka kutoka mbinguni, aibu inabaki kwake na kwetu wakati aliyechoma hatajwi. Mkwawa fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani 1954, lipo Kalenga karibu na Iringa, maana ukoo wake ulijulikana. Songea, Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, alinyongwa na Wajerumani 1906, mpaka leo kichwa chake kinatafutwa, na Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja pale akaomba radhi mbele ya wajukuu zake. Mwaka huo huo vinasaba vya mafuvu yaliyokuwa Berlin vililingana na vya watu walio hai Kilimanjaro. Yaani mifupa inarudi kwa mwenye kujulikana. Sisi ambao mababu walibadilishwa majina wakiwa wadogo, ikirudi ya kwetu nani atapiga simu?

Siri ya mtoto kufichwa baba aliyemzaa ni habari nyingine, hapo sina mizani ndefu, aambiwe tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa, na watoto wa baba mmoja kuja kuchumbiana bila kujua ni msiba ambao ukimya ndo unauzaa.

2021 nilipanda basi mpaka Songea, nikaingia makumbusho ya Majimaji, nikasimama kwenye kaburi la pamoja nikisubiri moyo uniambie kitu. Niliumia kama Mtanzania yeyote atakavyoumia. Nilipokuwa narudi, stendi ya Njombe bibi muuza viazi akaniambia kamwene, nikaitikia kabla hata sijafikiri, machozi yakatoka pale pale.

Kwa hiyo mi nasema watoto waambiwe, ila hati ya shamba ianze kutoka, ndo shangazi aongee, akiwa hai na akili yake timamu, sio usubiriwe msiba mwingine. Bamdogo amelegea kidogo. Desemba tunajengea kaburi la yule mzee, yeye anatoa saruji mifuko minne, kaburi linabaki pale pale chini ya mti na jina ni lile la ukoo uliomlea. Chini yake shangazi anataka iandikwe "wa Ungoni", bamdogo anataka "alitoka Ungoni", na kwenye grupu la familia tumebishana wiki ya tatu sasa.