Nani aidhinishe chuo cha madaktari wa mifugo?

Katika Afrika Mashariki, anayesomea udaktari wa mifugo hukaa chuoni miaka mitano. Siku ya mahafali anapokea shahada, lakini shahada hiyo peke yake haimpi ruhusa ya kutibu ng'ombe wa mtu. Lazima kwanza asajiliwe na chombo cha taaluma yake: Baraza la Veterinari kwa Tanzania, Bodi ya Madaktari wa Mifugo kwa Kenya. Kumbe chuo alichosoma kiliidhinishwa na chombo kingine kabisa, yaani tume ya vyuo vikuu. Tume na baraza wakisikilizana, hakuna anayeona tofauti. Wasiposikilizana, anayeumia ni kijana ambaye ameshalipa ada ya miaka mitano.

Kenya inaujua mvutano huu vizuri. Sheria ya mwaka 2011 ndiyo inayoisimamia bodi inayosajili madaktari wa mifugo pamoja na wataalamu wasaidizi. Kisha mwaka 2016 Sheria ya Vyuo Vikuu ikarekebishwa, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikapewa peke yake mamlaka ya kuidhinisha programu za masomo. Sheria nyingine yoyote ikipingana nayo katika jambo hilo, ya vyuo vikuu ndiyo inayoshinda. Wahandisi, wanasheria na wataalamu wa afya nao waliguswa, na ugomvi ukafika mahakamani.

Wanaoitetea tume wana hoja nzito. Chuo chenye programu themanini hakiwezi kuifungulia milango kila bodi kwa ratiba yake, fomu zake na ada zake. Tena bodi ya taaluma imejaa watu wanaoishi kwa taaluma hiyo hiyo. Wakiachiwa peke yao kuamua ni vyuo vingapi vifunguliwe, kishawishi cha kulinda soko lao kipo, hata kama hawakisemi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Wafugaji wengi hawajawahi kutembelewa na daktari mwenye shahada, wanamtegemea bwana mifugo wa kata au mwenye duka la dawa. Katika nchi kama hiyo, kubana mlango wa kuingilia taaluma kuna gharama yake.

Hata hivyo, mimi naegemea zaidi upande wa pili, wa bodi za taaluma, na sababu yangu ni ya vitendo. Mkaguzi wa kawaida wa tume hutazama idadi ya wahadhiri na shahada zao, maktaba, maabara na mtaala ulioandikwa. Vyote vina maana. Lakini je, mwanafunzi huyu amewahi kumsaidia ng'ombe aliyekwama na ndama saa nane za usiku? Amepasua mizoga mingapi kwa mikono yake mwenyewe? Akikuta mnyama amekufa ghafla, damu inamtoka puani na haigandi, atajua kwamba huenda ni kimeta na mzoga huo haupaswi kupasuliwa hata kidogo? Maswali haya anayeweza kuyauliza na kuyapima majibu yake ni daktari wa mifugo mwenzake. Na kosa la daktari huyu haliishii zizini. Mwaka 2006 na 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Kenya na Tanzania, ilianzia kwa mifugo na ikaua watu. Kichaa cha mbwa, ukaguzi wa nyama machinjioni, mabaki ya dawa katika maziwa: vyote vinapita mikononi mwa mtu huyu.

Ila taaluma nayo inaweza kushika kipimo kisicho sahihi. Marekani walibishana sana kuhusu chuo cha Western University kule Pomona, California, ambacho hakikujenga hospitali kubwa ya kufundishia. Kiliwapeleka wanafunzi katika zahanati na mashamba ya washirika. Wapo walioona hayo ni mafunzo pungufu, lakini mwishowe chuo kilipata ithibati kamili, yaani kuidhinishwa rasmi. Kwetu mjadala huo una uzito wake. Tukidai kila chuo kiwe na hospitali ya kisasa ya mbwa na paka, tutakuwa tumenakili kipimo cha watu wengine, wakati sehemu kubwa ya kazi yetu iko kwenye majosho, minadani na kwenye chanjo. Kwa upande mwingine, kumtuma mwanafunzi wilayani bila msimamizi wala daftari la kazi alizofanya si mafunzo. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwaka 2012 orodha ya mambo ambayo daktari mpya anapaswa kuyaweza tangu siku ya kwanza kazini. Ningependa ukaguzi wetu uanzie hapo, kabla ya kuhesabu majengo.

Kuna tatizo jingine lisilosemwa sana. Kwa miongo mingi shahada hii Tanzania imekuwa ikitolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Maana yake, daktari aliyesomea nchini akitumwa kukikagua chuo, mara nyingi anarudi kuwakagua walimu wake. Si lazima awe na nia mbaya, ila heshima kwa mwalimu ni kitu kizito kwetu. Dawa yake ipo karibu: wakaguzi kutoka Kabete, kwenye kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere ya Uganda waje Morogoro, na wa Morogoro waende kwao. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikwisha kukubaliana mwaka 2016 kutambuana madaktari wa mifugo. Kumkubali daktari wa jirani huku hujawahi kuona anakofundishwa ni kuweka saini kwa kuaminiana tu.

Kwa hiyo ninachokiona kinafaa ni ziara moja, yenye timu moja ya tume, baraza na wageni wawili watatu kutoka nchi jirani. Tume ibaki na neno la mwisho juu ya chuo, lakini isitoe ithibati pale baraza linapokataa kwa maandishi na kwa sababu zinazoweza kupimwa. Na ripoti itangazwe. Uingereza, chombo kinachosimamia madaktari wa mifugo huchapisha ripoti za ukaguzi wa vyuo, mapungufu yakiwemo. Mzazi wa Shinyanga au Kajiado anayeuza ng'ombe ili kumlipia mwanawe ada, naye ana haki ya kuisoma ripoti hiyo kabla hajampeleka ng'ombe mnadani.