Diski mpya, imegawanywa na nani?

Jamani acheni niwape hii tucheke wote, maana siku yenyewe sikucheka hata kidogo.

Ofisi yetu iko Kigoma mjini, maeneo ya Mwanga, seva ni moja tu na inaishi stoo pamoja na madumu ya mawese ya wahasibu (msiniulize). Jumatatu wahasibu wakaanza kelele hawawezi kuseivu, kucheki df -h (amri ya kuonyesha diski imejaa kiasi gani) naona 100%. Nikaagiza diski ya tera 2 Kariakoo, ikaja kwa basi ndani ya boksi la biskuti. Jioni nikazima seva, nikaifunga, nikawasha, nikapiga lsblk, amri ya kuorodhesha diski zilizopo. Naona diski ya pili, sdb, 931G.

Nikachemka. Tera 2 huwa inasoma 1.8T, 931G hiyo ni tera 1, nimepigwa mchana kweupe! Nikampigia muuzaji palepale nikamporomoshea maneno ambayo hapa siyaandiki, yeye anasema tu "kaka tulia, kaka umechomeka waya vizuri?" Nikaona ananiletea usanii, nikakata simu.

Nikasema potelea mbali, tera 1 si haba. pvcreate /dev/sdb, yaani kuiandaa iunganishwe na ile ya zamani. Ikagoma, inasema diski ina patisheni, yaani imeshagawanywa vipande. Hapo sasa mwenye akili zake angejiuliza, diski mpya imegawanywa na nani? Mimi nikasema kumbe yule mwizi kaniuzia na mtumba juu! wipefs -a ya kufuta alama zote za mgawanyo, enta. Hapo pvcreate ikakubali, nikapiga vgextend (kuiingiza kwenye grupu la diski za seva), lvextend na +100%FREE (kuchukua nafasi yote iliyo wazi), safi kabisa. Nacheki df -h, bado 100%. Narudia lvextend, inaniambia saizi ni ileile. Nikakodolea macho kioo nusu saa nzima mpaka nikakumbuka kwamba lvextend inaongeza kiwanja tu, nyumba yenyewe iko vilevile mpaka upige xfs_growfs. Nikapiga, nafasi ikafunguka, nikaenda zangu kula migebuka kwa ugali kama mtu aliyeokoa taifa.

Asubuhi saa 4, wahasibu wameshaseivu hadi basi, mzee bosi anaingia stoo. "Kijana, ile diski niliyokuachia Ijumaa unikopie video za sendofu ya binti yangu, ushamaliza?"

Nikachungulia nyuma ya seva. Kadude keusi, kawaya ka USB, kanawaka taa kwa furaha. Na ile diski ya Kariakoo iko ndani imelala, waya wa data nimeuegesha tu haujaingia.

"Bado kidogo mzee."

Nikampigia kaka mmoja fundi yuko Tabora, alicheka mpaka dakika zangu zikakaribia kuisha ndo akaongea: usiichomoe hiyo USB, ukiichomoa na seva inaondoka nayo! Na XFS, mfumo wa mafaili wa hiyo seva, huwezi kuipunguza kama unavyoweza mwenzake ext4, ukishaipanua imepanuka. Njia ni kuichomeka ile ya tera 2 inavyotakiwa, uiingize kwenye grupu, halafu pvmove ihamishe kila kitu kutoka sdb, ndo uitoe kwa vgreduce. Kwa USB ile ya kizamani ilichukua usiku kucha, umeme ukakatika mara moja nikaona kaburi langu lile, kumbe pvmove inaendelea ilipoishia. Nililala stoo na mawese.

Muuzaji nilimwomba radhi. Hakujibu meseji, nikamtumia dagaa kilo 3 kwa basi lilelile lililoleta diski, akajibu "pamoja sana kaka".

Ikabaki sendofu. Nikaipitisha diski kwenye photorec, programu inayokwangua mafaili yaliyofutwa, shida yake inayaleta hayana majina wala mpangilio. Kwa hiyo kwenye sendofu ya sasa bibi harusi analishwa keki, halafu ndo anaingia ukumbini, halafu mashangazi wanalia, halafu yuko saluni anasukwa. Mke wa mzee kaangalia yote, kasema MC alikuwa mbunifu.

Kilichogoma kurudi ni kipande kimoja tu, hotuba ya mzee, dakika 40, wahasibu walishaseivu juu yake. Nikaenda kumwungamia na magoti yanacheza, mzee kanuna wiki nzima. Ila watu watatu waliokuwepo ukumbini wamenifuata kwa nyakati tofauti, kimyakimya, kila mmoja ananiambia dogo usihangaike kuitafuta.